Kopo la Chuma Ndani ya Usukani

Mwishoni mwa Septemba 2014, mjini Orlando katika jimbo la Florida, mwanamke mmoja alipata ajali akiendesha Honda Accord ya mwaka 2001. Shingoni alikuwa na majeraha ambayo wapelelezi waliyadhania ya kisu, wakaanza kumsaka aliyemshambulia. Alifariki siku chache baadaye. Haikupita muda, barua ya mtengenezaji wa gari ikafika nyumbani kwake: alitakiwa kulipeleka gari likabadilishwe mfuko wa hewa. Kilichomkata kilikuwa vipande vya chuma vilivyoruka kutoka ndani ya usukani.

Mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu ya kopo dogo la chuma lililojazwa vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge huwaka, gesi hutoka, mfuko hujaa kabla uso wa dereva haujafika kwenye usukani. Makopo yenye hitilafu yalitengenezwa na Takata, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1933 kwa kazi ya ufumaji, ikahamia kwenye mikanda ya viti na baadaye mifuko ya hewa. Kuanzia karibu mwaka 2000 ilichagua amonia naitreti, chumvi ileile ya kwenye mbolea, kwa kuwa ni rahisi.

Shida ya chumvi hii ni kwamba hunyonya unyevu, na umbile la chembe zake hubadilika joto linapovuka nyuzi 32 hivi za Selsiasi. Gari likilala kwenye ubaridi wa usiku na kushinda juani, siku baada ya siku kwa miaka, vidonge huvimba, hupata nyufa na kumeguka. Aliyepika kwa kuni anajua kinachofuata: gogo huwaka taratibu, vibanzi hulipuka moto mara moja. Kopo linashindwa kuhimili presha, linapasuka, na kile kilichowekwa kumlinda dereva kinamrushia vyuma usoni.

Honda ilianza kuyaita magari yarekebishwe mwaka 2008, chini ya 4,000 tu. Mwaka uliofuata kifo cha kwanza kinachojulikana kikatokea Oklahoma. Mwaka 2014 watengenezaji wa magari walikuwa wanachagua maeneo: Florida, Hawaii, Puerto Rico, kule kwenye joto na unyevu. Wenye magari kwingineko waliachwa waendelee kuendesha. Novemba mwaka huo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitaka magari ya nchi nzima yaitwe. Takata ikakataa, na haikukubali hadi Mei 2015.

Wakati huo wenye magari walikuwa tayari mahakamani. Kesi yao dhidi ya Takata na watengenezaji wa magari ilifunguliwa Oktoba 2014, na mwaka uliofuata mashauri kutoka majimbo mbalimbali yakaunganishwa mjini Miami mbele ya Jaji Federico Moreno. Walitumia njia ya kesi ya pamoja, ambayo Marekani iliipa sura yake ya sasa mwaka 1966: wachache wanasimama kwa niaba ya mamilioni, na asiyetaka kuwamo ndiye anayepaswa kujitoa.

Wadai hao wengi hawakuwa na hata mkwaruzo. Sasa wanadai nini? Hoja yao ni kwamba walilipa bei ya gari salama wakapewa gari lenye hatari, na tofauti hiyo ni hasara tangu siku ya kununua. Naiona hoja hii kuwa ya haki kabisa, kwa sababu bila hiyo kampuni ingedaiwa na majeruhi na wafiwa peke yao.

Januari 2017 Takata ilikubali kosa la jinai la udanganyifu, baada ya kuwapa watengenezaji wa magari ripoti za majaribio zilizochezewa. Adhabu ilikuwa dola bilioni 1; Juni ikaomba kinga ya kufilisika. Kwenye kesi ya Miami, Toyota, BMW, Mazda na Subaru zilikubali kutoa jumla ya dola milioni 553, Honda milioni 605, Nissan karibu milioni 98, na Ford milioni 299 mwaka 2018. Sehemu ya fedha ililipia magari ya kukodi na gharama za waliokosa siku ya kazi kwa kupeleka magari gereji. Sehemu nyingine ilitumika kuwatafuta wenye magari, maana barua nyingi huishia kwa mtu aliyekwisha kuuza gari lake.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa. Fedha za Miami zilikuwa za magari ya Marekani. Magari ya Japani yenye makopo hayohayo yalipandishwa meli kwenda Mombasa na Dar es Salaam, na hali ya hewa ya pwani yetu haina tofauti kubwa na ya Florida. Mwaka 2018 Japani ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye hatari kubwa ambayo hayajarekebishwa, lakini katazo hilo ni la barabara za Japani. Sheria za Kenya na Tanzania nazo zinaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya wengi wenye dai moja. Ila mwenye gari lililopita mikononi mwa watu watatu wanne angeanza kumshtaki nani?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama gari lako lina mfuko wa hewa na lilitengenezwa kati ya 2000 na 2015, chukua namba ya chesisi kwenye kadi, umuulize wakala wa mtengenezaji kama linahusika na kama kopo limeshabadilishwa. Usikubali fundi akufungie mfuko uliotolewa kwenye gari lililokatwa vipuri. Na ukiliuza, mpe mnunuzi jibu hilo kwa maandishi.