Habari za Sanamaki: Tarehe Yake na Kipimo Chake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba maradhi na Akaumba dawa zake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa nchi zetu hizi hukosi kukuta, ndani ya mkebe wa bibi wa nyumba, majani makavu membamba ya rangi ya kijani iliyopauka, nayo ndiyo yaitwayo sanamaki. Kila mtu ayajua kuwa ni dawa ya tumbo. Walakin si kila mtu ajuaye yalikotoka, wala waliotangulia kuyaandika, wala kiasi walichokitumia. Na kutojua huku si jambo dogo, kwani wako leo wanaoyanywa kila usiku, mwezi baada ya mwezi, kwa kusema kuwa dawa iliyotajwa katika hadithi haiwezi kudhuru. Basi tumeona yapasa, katika kitabu hiki cha ukumbusho, kueleza tarehe ya jani hili, ili ijulikane kuwa tulichorithi kwa wazee wetu si jani peke yake, bali ni jani pamoja na kipimo chake.

Neno sanamaki ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyounganishwa: sana, nalo ni jina la mti, na makki, maana yake ya Makka. Mti wenyewe ni mfupi, wapata urefu wa mita moja, maua yake ni ya manjano, na tunda lake ni ganda bapa lenye mbegu ndani. Humea wenyewe katika nchi kavu za Hijazi, Yemen, Sudan na Misri ya juu. Watu wa zamani waliisifu zaidi ile ya Hijazi, na kwa ajili hiyo jina la Makka likashikamana nayo hata kwa ile iliyotoka kwingine.

Ama kutajwa kwake katika hadithi, Bibi Asmaa binti Umays, mmoja katika waliohajiri Habasha pamoja na mumewe Ja'far bin Abi Talib, aliulizwa na Mtume (S.A.W.) alikuwa akitumia nini kulainisha tumbo. Akataja shubrumu, mmea wenye utomvu mkali uchomao. Mtume (S.A.W.) akamjulisha kuwa hiyo ni kali mno. Baadaye Bibi Asmaa akatumia sana, na Mtume (S.A.W.) akaisifu sifa kubwa, kuwa lau kingekuwapo kitu cha kuponya mauti, kingekuwa hicho. Hadithi hii wameipokea Tirmidhi na Ibn Majah. Tirmidhi ameieleza kuwa ni gharibu, na wanavyuoni wamezungumza juu ya sanadi yake. Iko na nyingine kwa Ibn Majah itajayo sana pamoja na sannut kuwa ni ponyo la kila maradhi ila mauti. Hiyo sannut wamekhitalifiana juu yake: wako waliosema ni shibiti, na wako waliosema ni asali iliyokuwa katika kiriba cha samli.

Hapa msomaji na azingatie mambo mawili. La kwanza, habari ya Bibi Asmaa ni habari ya kuacha dawa kali na kushika iliyo pole. La pili, maneno ya kila maradhi wanavyuoni hawakuyachukua kwa upana usio na mpaka. Imamu al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 H. (998), aliposherehesha hadithi ya habbatisauda yenye maneno kama haya, alieleza kuwa tamko ni la jumla na makusudio ni mahsusi. Basi asiyekubali mpaka wowote katika sanamaki hawi mshika Sunna zaidi kuliko maimamu hao.

Baada ya hapo likaja zamu la matabibu. Wanaoandika tarehe ya madawa wakiri kuwa ni matabibu walioandika kwa Kiarabu ndio walioieneza sana katika utabibu. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 313 H. (925), aliipimia dirhamu nne mpaka saba. Ibn al-Qayyim, aliyefariki Damascus mwaka 751 H. (1350), ameileta katika mlango wa utabibu wa kitabu chake Zad al-Ma'ad. Yeye ameona kuwa kunywa maji yake yaliyochemshwa ni bora kuliko kumeza unga wake, akaupimia unga dirhamu tatu na maji yake dirhamu tano, na akasema ni vizuri zaidi ikichemshwa pamoja na maua ya banafsaji na zabibu nyekundu zilizotolewa kokwa. Tazama jinsi Shekhe huyu, pamoja na kuipokea hadithi, hakuacha kupima wala kutafuta cha kuipunguzia ukali.

Elimu hii ikavuka bahari. Constantine wa Afrika, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 11 katika nyumba ya watawa ya Monte Cassino huko Italia, alifasiri vitabu vingi vya utabibu kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, na Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka 1187, akafasiri Qanun ya Ibn Sina mjini Toledo. Ndiyo maana Waingereza huita dawa hii senna na Wafaransa séné: jina ni lile lile la Kiarabu, limebadilika kwa ndimi tu.

Lakini penye biashara kubwa huingia na hila. Sana ya Sudan na Misri ya juu ilichumwa na watu wa jangwani, miongoni mwao kabila la Ababda, ikapelekwa kwa mto Nile hata Bulaq, bandari ya Cairo, na kutoka huko ikasafirishwa Ulaya. Wataalamu wa Kifaransa waliofuatana na jeshi la Napoleon Misri, kati ya miaka 1798 na 1801, waliandika kuwa huko Bulaq sana ilichanganywa na majani ya mmea mwingine uitwao hargal. Mmoja wao, Hippolyte Nectoux, alichapisha kitabu mwaka 1808 chenye maelezo ya aina za sana ziuzwazo. Tofauti yake yaonekana kwa macho: jani la sana ni jembamba, na pande zake mbili hazilingani pale linaposhikana na kikonyo, jani la hargal ni nene, lina makunyanzi, na pande zake zalingana. Katika karne ya 19 sana ya asili ya Uarabuni ikalimwa kwa wingi kusini mwa India, katika wilaya ya Tirunelveli. Hivyo pakiti yenye jina la Makka dukani yaweza kuwa imetoka India, na hilo si aibu maadamu jani ni lenyewe, safi, na halikuchanganywa.

Ama utengenezaji wake, wazee walichagua majani makavu yaliyobaki na rangi yake ya kijani, wakatoa vijiti na mchanga, na wakayaweka pasipo unyevu wala jua. Majani huchemshwa kidogo, au humwagiwa maji ya moto yakafunikwa, kisha yakachujwa vizuri. Wengine huyaloweka katika maji baridi usiku kucha, na njia hii hupunguza msokoto wa tumbo. Maganda ya matunda yake ni ya upole kuliko majani. Hutiwa tangawizi, shamari au binzari nyembamba ili kutuliza tumbo, na asali kwa ajili ya ladha. Wala si sisi tu: vitabu vya madawa vya Waingereza vya karne ya 19 viliagiza sana ilowekwe pamoja na tangawizi.

Mwaka 1941 Arthur Stoll na wenzake, huko Basel katika nchi ya Uswisi, walizitoa ndani ya jani hili chembe zinazofanya kazi, zikaitwa senosidi. Ikafahamika kuwa hupita tumboni bila ya kufanya jambo, mpaka zifike katika utumbo mpana, ambako vijidudu vya humo huzigeuza, na hapo utumbo hutikisika. Ndiyo sababu dawa hunyweka usiku na kazi yake ikaonekana asubuhi, baada ya saa 6 mpaka 12.

Sasa tufike kwenye kipimo. Dirhamu moja ni kama gramu 3. Basi dirhamu tatu za Ibn al-Qayyim ni kama gramu 9. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya mimea ya dawa, limetaja gramu 1 mpaka 2 za unga wa jani kwa siku, wakati wa kulala, kwa mtu mzima aliyefunga choo. Hapana mgongano hapa. Wale wa kale walikusudia kulisafisha tumbo lote kwa mara moja, chini ya jicho la tabibu. Sisi twakusudia kulainisha choo tu. Asije mtu akachukua kipimo cha kusafishia akakifanya kinywaji cha kila siku.

Kwani anywaye mfululizo hupoteza maji na chumvi za mwili, hasa ile iitwayo potasiamu ambayo moyo hauwezi kwenda sawa bila yake, na tumbo lake huweza kuzoea hata lisifanye kazi ila kwa dawa. Kwa hiyo isizidi wiki moja au mbili pasipo shauri la daktari. Wasipewe watoto walio chini ya miaka 10. Mwenye mimba na anyonyeshaye waulize kwanza. Na mwenye maumivu ya tumbo asiyoyajua sababu yake asiinywe kabisa, bali aende hospitali upesi, maana huenda ugonjwa wake ni wa kupasuliwa, na sanamaki itamzidishia hatari.

Ndugu zangu Waislamu, Bibi Asmaa alitolewa katika ukali akaelekezwa kwenye upole. Mwenye kuinywa sanamaki kwa wingi na kwa kudumu ameigeuza kuwa shubrumu, akarudi pale pale alipotolewa Bibi huyo. Kina mama wanaotunza mikebe hiyo majumbani, na wauzaji wa dawa walioaminiwa na watu, tunawausia wafundishe kipimo kila wanapotoa jani. Mwenyezi Mungu Atupe afya na elimu yenye manufaa, na Awarehemu waliotutangulia. Amin.