Tarehe ya Laxton na Ngwe Zake

Laxton ni kijiji cha watu mia chache katika jimbo la Nottinghamshire, katikati ya Uingereza. Mnamo 1086, watu wa mfalme walipoandika nani anamiliki nini nchi nzima, kilikuwa chini ya mtu aitwaye Geoffrey Alselin. Baadaye kikashikwa na ukoo wa Caux, kisha wa Everingham, waliokuwa walinzi wa msitu wa Sherwood kwa kurithishana. Ngome yao imebaki kilima cha udongo chenye nyasi. Ngome, hata hivyo, Uingereza zimejaa. Linalokipa Laxton jina ni mashamba.

Zamani vijiji vingi vya nchi hiyo vililima konde kubwa zisizo na ua, kila mkulima akiwa na ngwe zake zilizotawanyika humo. Kisha matajiri wakaanza kuzungushia ardhi ua, na kuanzia 1604 hadi 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuhalalisha jambo hilo. Eneo lililoguswa linazidi kidogo moja ya tano ya Uingereza. Maskini waliokuwa wakilisha ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote wakabaki mikono mitupu. Laxton nacho kiliguswa, lakini konde tatu zikapona: West Field, Mill Field na South Field.

Mwaka mmoja konde hupandwa ngano ya msimu wa baridi, mwaka wa pili mazao ya masika, wa tatu hupumzishwa, siku hizi kwa kuoteshwa majani ya mifugo. Msomaji asidhani huu ni ujamaa. Kila mtu hulima ngwe yake na kuvuna chake. Linalowafunga pamoja ni zamu ya mazao na heshima ya mpaka.

Na mpaka una wenyewe. Mwishoni mwa Novemba, baraza la wakulima walioapishwa hupanda tela la trekta na kwenda kukagua konde iliyopandwa ngano. Hutazama nani amepitisha plau kwenye ngwe ya jirani au amemega njia, huchomeka vigingi upya, kisha huenda kula kwenye baa ya kijiji, Dovecote. Wiki moja baadaye mahakama ya kijiji hukaa na aliyekosa hutozwa faini. Faini ni ndogo. Kinachouma ni kutajwa mbele ya majirani. Nionavyo, hiyo ndiyo nguvu yake.

Mnamo 1635 Mark Pierce alichora ramani ya kijiji, ngwe kwa ngwe, zaidi ya elfu mbili, pamoja na watu wakilima na kuvuna. Ramani hiyo sasa iko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Aliyekuwa akimiliki kijiji wakati huo ni Sir William Courten, mfanyabiashara wa London ambaye mwaka huohuo kampuni yake ilipewa na mfalme ruhusa ya kupeleka merikebu Bahari ya Hindi. Alifariki mwaka uliofuata.

Nyumba za wakulima ziko kijijini, si mashambani, nyingi zikiipa barabara ubavu. Ni za matofali mekundu, ghala na zizi nyuma yake. Mwenye ngwe kila upande wa kijiji ana faida gani kujenga upande mmoja?

Mwaka 1952 Earl Manvers, ambaye ukoo wake ulikimiliki kijiji kwa vizazi, alikiuza kwa wizara ya kilimo ili utaratibu usife. Mwaka 1981 kikahamia kwa milki ya Ufalme, na mwaka 2020 kikauzwa tena, kwa milki ya Thoresby, ambayo zamani ilikuwa ya akina Manvers haohao. Wanaolima ni wapangaji. Mahakama yao inaweza kumtoza faini aliyevuka mpaka kwa mfuo mmoja, lakini kijiji chote kinapouzwa haina kauli.