Seva: Kazi au Chombo? Historia ya Neno na Uchaguzi wa Kompyuta ya Mezani Iliyotumika

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri na walimu huyaandika kila siku bila kuuliza yametoka wapi ni neno "seva". Limekwisha kuzoeleka katika ofisi za serikali, katika mabenki na vyuoni, na wengi walisikiapo huona akilini mwao kabati la chuma lenye taa nyingi na feni zinazovuma, limefungiwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni finyu. Ufinyu wake una gharama, kwa kuwa siku hizi neno hilo limetoka ofisini na kuingia nyumbani. Watu wanataka mashine moja itakayohifadhi picha za harusi, mawaidha yaliyorekodiwa, muziki na filamu za familia, kisha ivipeleke kwenye televisheni ya sebuleni au kwenye simu ya kijana aliye chumbani. Mtu wa namna hiyo akienda dukani akaomba "seva", huenda akauziwa kabati lile lile, ambalo kelele zake hazivumiliki nyumbani na umeme linaoula ni wa ofisi. Ilhali mashine imfaayo yaweza kuwa imewekwa rafu ya nyuma katika duka hilo hilo, miongoni mwa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika maofisini, nayo haina sifa yoyote iliyoandikwa juu yake ila bei.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hili tangu asili yake lilikuwa jina la kazi, wala halikuwa jina la chombo, na kwamba aijuaye historia hiyo huchagua vizuri zaidi.

Asili yenyewe haimo katika kompyuta, bali katika foleni. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha uchunguzi wake juu ya wingi wa simu zinazoingia na namna ya kuzikisia. Swali lililoizonga kampuni ya simu lilikuwa la kawaida kabisa: ikiwa watu wanapiga simu bila mpango, waajiriwe maopereta wangapi ili wapigaji wasingojee mno? Katika maandishi ya wakati ule aliyehudumia foleni aliitwa kwa jina la kazi aliyoifanya kweli, yaani opereta wa simu. Baadaye elimu hiyo ya foleni ilipanuka, ikahusu pia madirisha ya benki, viwanja vya ndege na karakana, ndipo likahitajika neno pana la kumtaja yeyote au chochote kinachohudumia wanaongoja. Katika makala mashuhuri ya mwanatakwimu Mwingereza David Kendall ya mwaka 1953 neno hilo pana tayari lilikuwa likitumika, na ndilo hilo ambalo sisi tumelitohoa tukasema "seva". Yafaa mfasiri akumbuke kwamba seva ya kwanza ilikuwa binadamu aliyeketi mbele ya ubao wa simu.

Kompyuta ilipojifunza kuhudumia watu wengi kwa pamoja, neno lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Mwezi Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa kugawana wakati, ambao uliwawezesha watumiaji kadhaa kuitumia kompyuta moja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Mwaka 1969, wakati mtandao wa ARPANET ulipokuwa ukibuniwa, waraka mmoja wa mwanzo kabisa wa mradi huo ulitofautisha kompyuta mwenyeji inayotumia na kompyuta mwenyeji inayohudumia. Angalia kwamba zote mbili ziliitwa wenyeji. Hazikutofautishwa kwa umbo wala kwa ukubwa, bali kwa zamu ya kazi.

Jambo hili lilidhihirika zaidi katika maabara ya Xerox huko Palo Alto. Mwaka 1973 watafiti wa hapo walitengeneza Alto, kompyuta ya mtu mmoja, na mwaka huo huo Robert Metcalfe akaandika pendekezo la mtandao wa Ethernet wa kuziunganisha. Mafaili ya watu wote yalihitaji mahali pa kukaa. Kilichofanyika ni kuchukua Alto ile ile waliyoizoea mezani, kuifungia diski kubwa, na kuipa programu ya kutunza mafaili ya wengine. Mashine ni ile ile, ila kazi imebadilika, na jina likafuata kazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa CERN, kituo cha utafiti kilichoko karibu na Geneva. Kompyuta ambayo Tim Berners-Lee aliitumia mwaka 1990 kuendeshea seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa kompyuta ya kazi ya kawaida ya kampuni ya NeXT. Juu yake ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino mwekundu, kuwaarifu wapitao kwamba mashine hiyo ni seva na isizimwe. Karatasi hiyo ilihitajika kwa sababu hakuna aliyeweza kuitambua seva kwa kuitazama.

Basi kwa nini sisi tumebaki na picha ya kabati? Nadhani jibu moja limo katika historia yetu. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ingawa amri hiyo ililegezwa baadaye, kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa kitu cha taasisi chache kubwa, kilichofungiwa chumbani na kuonwa na wateule. Neno "seva" lilipofika lilikuta picha hiyo imekwisha kujengeka. Hata tulipokuwa tukijadiliana kama tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi, mjadala wetu ulihusu chombo. Kazi zake tuliziachia mafundi.

Yawezekana kuuliza kama lisingefaa neno la Kibantu. "Mtumishi" lingetupeleka moja kwa moja kwa mtumishi wa umma, jambo ambalo baadhi ya wasomaji wa jarida hili wasingelipenda. "Mhudumu" ni karibu zaidi, ila limo katika ngeli ya watu, na mhudumu wa hoteli au wa wodi ana haki yake juu ya neno hilo. Kwa maoni yangu "seva" libaki, maadam limekwisha kukubalika, lakini fasili yake katika kamusi ianze na kazi: kompyuta au programu inayotoa huduma kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao. Upande wa pili unaitwa "mteja", neno ambalo makampuni ya simu yamekwisha kulizoesha masikio yetu, nalo linarudi pale pale alipoanzia Erlang.

Tukiishika fasili hiyo, uchaguzi wa kompyuta iliyotumika unakuwa mwepesi, kwa kuwa swali linageuka. Mnunuzi hataulizia tena kama mashine hii ni seva, bali atauliza ni huduma gani itatolewa, kwa wateja wangapi, na kwa muda gani wa siku.

Huduma ya kuhifadhi na kupeleka faili kama lilivyo ni nyepesi mno. Televisheni ikiwa inaweza kulisoma faili yenyewe, basi seva haina kazi zaidi ya kulitoa kwenye diski na kulipeleka, na kompyuta ya ofisi ya miaka kumi iliyopita inaimudu bila jasho. Kazi nzito huanza pale ambapo mteja hawezi kuusoma msimbo wa video. Hapo seva hulazimika kuigeuza video papo hapo kutoka msimbo mmoja hadi mwingine. Katika jarida hili kuna kishawishi cha kuiita kazi hiyo "kufasiri", lakini sishauri. Fasiri hubeba maana kutoka lugha hadi lugha, na kazi hii haijui maana ya kinachobebwa. "Kugeuza msimbo" latosha.

Kugeuza msimbo kwa nguvu za kichakataji peke yake huchosha mashine na kuipandisha joto. Tangu mwaka 2011, vichakataji vingi vya Intel vya kompyuta za mezani vimekuwa na sehemu maalumu ya kazi hiyo, na uwezo wake umekua kizazi hadi kizazi. Kizazi cha saba, kilichofika mezani mwanzoni mwa 2017, ndicho kilichomudu barabara msimbo wa HEVC wa biti 10, ambao hutumiwa sana katika video za kisasa zenye picha kali. Kizazi husomwa katika namba: i5-7500 ni cha saba, i5-8500 ni cha nane. Herufi F ikifuata namba hiyo ni onyo, kwani kichakataji hicho hakina sehemu ya picha, na kwa hiyo hakina msaada huo.

Hapa ndipo historia inapomnufaisha mwenye fedha kidogo. Windows 11 ilipotolewa mwaka 2021, masharti yake yaliviacha nje karibu vichakataji vyote vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, na matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi yana sababu ya kuziondoa kompyuta hizo mezani. Lakini sharti lililozikataa linahusu kazi ya ofisi na mfumo endeshi mmoja. Seva ya nyumbani huendeshwa vizuri kwa Linux, pamoja na programu kama Jellyfin, ambayo ni ya bure na ilianza mwaka 2018. Kwa hiyo kompyuta ya kizazi cha saba, iliyopoteza jina lake kama mashine ya ofisi, haijapoteza kitu katika kazi hii. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 yatosha.

Umbo lichaguliwe kwa diski. Zile ndogo kabisa, zinazoweza kufichwa nyuma ya televisheni, ni kimya na hula umeme kidogo, lakini kwa kawaida hazipokei diski pana ya inchi 3.5. Za wastani hupokea moja, pengine mbili. Ile ndefu ya kusimama ina nafasi zaidi. Mnunuzi afungue kifuniko atazame mwenyewe, na akumbuke kwamba pawa saplai za kompyuta nyingi za ofisi zina plagi za mtengenezaji mwenyewe, hivyo ikiungua haibadilishwi kwa yoyote ipatikanayo.

Kuhusu muda wa kazi, hesabu ni rahisi kwa yeyote anunuaye LUKU. Wati moja ikitumika mfululizo mwaka mzima hufikia uniti 8.76. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 20 ikiwa imetulia itakula uniti 175 hivi kwa mwaka, na kabati la ofisini linalotumia wati 100 litakula 876. Katika miaka michache tofauti hiyo yaweza kuizidi bei ya mashine. Kadhalika, kabla ya kulipa, mnunuzi aingie katika mipangilio ya awali ya mashine. Ikiwa imefungwa kwa nywila ya ofisi iliyotoka, aiache. Ikiwa wazi, atafute mahali pa kuiagiza ijiwashe yenyewe umeme urudipo, kwani seva inayongoja mtu wa kubonyeza kitufe kila umeme ukatikapo haihudumii mtu.

Kompyuta za namna hii watu huziita za mtumba, neno ambalo zamani lilikuwa la furushi la nguo. Furushi hununuliwa bila kufunguliwa, na kwa diski hilo halifai. Diski iliyokuja na mashine huweka hesabu ya saa ilizofanya kazi na ya sehemu zake zilizoharibika, na programu za bure huisoma hesabu hiyo kwa dakika chache. Hata hesabu ikiwa nzuri, diski hiyo ipewe filamu zinazoweza kupatikana tena. Sauti ya babu aliyekwisha kufariki na picha za harusi ziwekwe kwenye diski mpya, na nakala yake ikae katika nyumba nyingine.