Garamba: tembo wa kupandwa, vifaru waliopotea na wageni waliokuja 2023

Zamani, mgeni aliyefika Gangala na Bodio, katika teritware ya Dungu, jimbo la Haut-Uélé, hakutembezwa porini kwa gari tu. Aliweza kupandishwa juu ya tembo. Aliyemwongoza tembo huyo ni kornaki, mtu aliyemjua mnyama wake kwa jina na kwa tabia, na mara nyingi kazi hiyo alikuwa ameiona kwa baba yake.

Kazi hiyo haikuanza kwa ajili ya watalii. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitaka mnyama wa kubeba mizigo mahali ambapo hapakuwa na barabara wala gari. Mwaka 1879 tembo wanne waliletwa kutoka India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam ili watembee hadi bara. Wote walikufa. Ndipo ikaamriwa wajaribiwe tembo wa hapa kwetu, na karibu mwaka 1900 afisa Mbelgiji Jules Laplume akaanza kuwakamata huko Api, upande wa Uele ya chini. Tembo mdogo alikamatwa kwa kamba, kisha akafungwa karibu na tembo mkubwa aliyekwisha kuzoea watu, hadi hofu imtoke. Kitabu kinaandika jina la Laplume. Lakini waliokimbia na kamba mbele ya mama tembo mwenye hasira walikuwa Wazande, na majina yao hayakuandikwa.

Baadaye kazi ilihamia Gangala na Bodio, ukingoni mwa mto Dungu. Tembo walilima mashamba ya pamba na kuvuta magari ya mizigo. Malori na matrekta yalipoenea, hawakuhitajika tena shambani, na wachache waliobaki wakawa wa kuonyesha wageni.

Mbuga yenyewe ya Garamba iliundwa Machi 1938, ya pili katika nchi yetu baada ya ile ya Virunga. Ina karibu kilomita za mraba 5.000, hadi mpaka wa Sudani Kusini. Wenye kuijua wanasema uzuri wake ni wa namna mbili. Wakati wa mvua majani yanapita kichwa cha mtu na tembo anapotea ndani yake. Wakati wa kiangazi majani yanaungua, nchi inafunguka, na mwongozaji anaweza kuonyesha kundi la nyati au la tembo kutoka mbali. Viboko wamejaa mito ya Dungu na Garamba. Twiga nao wapo, na hapa ndipo mahali pekee Congo nzima pa kuwaona porini.

Lakini mnyama aliyeifanya Garamba ijulikane duniani ni kifaru mweupe wa kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya elfu moja. Uasi wa Simba wa 1964 ulipopita, silaha zikabaki porini na vifaru wengi wakaisha. Walianza kuongezeka tena, kisha majangili wakarudi. Mwaka 1984 walihesabiwa 15 tu. UNESCO, iliyokuwa imeitaja mbuga kuwa urithi wa dunia mwaka 1980, ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Walinzi wakajitahidi, idadi ikapanda polepole hadi karibu 30, na mwaka 1992 mbuga ikatolewa katika orodha hiyo. Ilirudishwa 1996, mwaka uleule vita vilipoanza mashariki.

Hapo ndipo penye jambo ambalo hadi leo linauma. Mwanzoni mwa 2005 ulikuwepo mpango wa kuhamisha vifaru watano kwenda Kenya, wakalindwe huko mpaka hali itulie. Kelele zikatokea: kwa nini mali ya Congo ipelekwe nje? Mpango ukakataliwa. Hasira hiyo inaeleweka, maana nchi hii imeona mengi yakitoka bila kurudi. Hata hivyo vifaru hawakulindwa na hasira. Miaka michache tu baadaye, doria hazikuona tena hata mmoja. Leo duniani wamebaki majike wawili, Najin na Fatu, na wanaishi Ol Pejeta, Kenya kwenyewe. Hao hawakutoka Garamba. Walizaliwa katika hifadhi ya wanyama huko Ucheki.

Wanyama hawakuteseka peke yao. Waasi wa LRA walijificha Garamba tangu 2005. Tarehe 2 Januari 2009 walishambulia Nagero, makao makuu ya mbuga, wakaua watu na kuchoma majengo, siku chache tu baada ya mauaji ya Noeli huko Faradje. Mwaka 2012 tembo 22 walikutwa wamekufa, wengine wamepigwa risasi juu ya kichwa, kama waliopigwa kutoka angani. Oktoba 2015 walinzi watatu na kanali wa FARDC waliuawa katika doria. Watalii hawawezi kuja mahali kama hapo, na mwongozaji asiye na mgeni anarudi shambani.

Tangu 2005 mbuga inasimamiwa na ICCN pamoja na African Parks. Ujangili wa tembo umepungua sana, na wageni wachache wameanza kufika tena, wengi wao kwa ndege ndogo. Juni 2023 vifaru weupe 16 waliletwa kutoka Afrika Kusini. Hao ni wa jamii ya kusini, si wale waliopotea, ingawa mgeni asiyejua hatatofautisha. Mlinzi kijana wa leo hakuwahi kumwona kifaru wa kwao. Anajifunza kusoma nyayo kwa hawa waliotoka mbali.