Mawe ya Kijani ya Timna

Ukipata kufika bonde la Timna, ewe msomaji, katika jangwa la kusini mwa Israeli, utaona magenge mekundu ya mawe ya mchanga, na kati ya matabaka yake jiwe jeupe lenye vidonge vya kijani. Kijani hicho si kuvu. Ni malakiti, yaani shaba iliyoungana na hewa ya kaboni na maji. Watu wa kale walivisaga vidonge hivyo, wakavitia tanurini pamoja na makaa ya migunga, wakavukuta hata shaba ikajitenga na taka nyeusi, ambazo zingali zimetapakaa huko.

Ni watu gani hao? Katika miaka ya 1930 Nelson Glueck alinena kwamba ni watu wa Mfalme Sulemani. Mwaka 1969 Beno Rothenberg akafukua hekalu la Hathori, mungu wa kike wa Misri, lenye majina ya mafarao waliomtangulia Sulemani. Wengi wakamcheka Glueck. Walicheka mapema mno. Jangwa lile kavu lilikuwa limehifadhi hata samadi ya punda wa wachimbaji, nayo ilipopimwa, ikaonekana ni ya karne ya 10 kabla ya Kristo, zama zile zile za Sulemani! Lakini samadi haitaji jina la mfalme, na wachunguzi wengi sasa huwataja Waedomu, wenyeji wa jangwa hilo.