Karafuu Iliyosusiwa India

Karafuu ndani ya pilau husukumwa kando ya sahani, wala mlaji haulizi imetoka wapi. Mwaka 1937 iliulizwa, tena kwa ukali, katika maduka na majiko ya India.

Chanzo kilikuwa Unguja. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeiangusha bei, na wenye mashamba wengi walikwisha kuiweka mikarafuu yao rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Serikali ya kikoloni, ikidai kumkinga mkulima, ilikizidishia nguvu kwa sheria za 1934 Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927. Sheria ya 1937 ikakifanya mnunuzi pekee visiwani. Jina lilikuwa la wakulima. Usukani ulikuwa wa serikali.

Wafanyabiashara wakasusa. Ng'ambo, chama cha Congress kikaitikia kilio chao na kuwataka Wahindi wasiinunue karafuu ya Zanzibar. Mama aliyepika bila karafuu akawa ametia mkono katika siasa ya visiwa asivyowahi kuviona. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa, na pengo lake halikuzibika. Mei 1938 pakafikiwa mapatano: wafanyabiashara wakarudi sokoni, kwa sharti la kununua kwa Chama sehemu ya karafuu watakayosafirisha.

Wote walitaja haki, na pengine kila mmoja alikuwa na yake. Lakini yuko aliyekuwa juu ya mti. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na mchumaji, awe Mpemba, mtu wa Makunduchi au Mnyamwezi, huliendea akijua hivyo. Matumba huchumwa kabla hayajachanua, huchambuliwa, kisha karafuu huanikwa majamvini siku kadhaa na kukimbizwa ndani mvua inapotanda. Malipo yalihesabiwa kwa pishi. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1897, miaka 40 tu nyuma. Walikuwako wazee waliowahi kuichuma karafuu hiyohiyo wakiwa mali ya watu. Mapatano yalihusu nani anunue na nani asafirishe. Ujira wa pishi haukuwa shauri lake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali yenyewe ikawa mnunuzi pekee, kwa bei iliyokuwa mbali chini ya ile ya dunia. Safari hii hapakuwa na Congress wa kususa. Wapemba wakapakia magunia mashuani usiku, wakatweka kuelekea pwani ya Kenya.