Kidonge Chenye Jicho

Katika somo lililopita tulisoma habari za tumbo la chakula. Leo tunashuka chini yake, kwenye utumbo mwembamba. Wembamba wake ni wa unene tu; urefu wake ni karibu mita 6, nao umekunjwa kama kamba ndani ya kikapu.

Uvimbe hauoti huko mara nyingi. Lakini ukiota, waweza kutoa damu kidogo kidogo kwa miezi mingi. Mgonjwa haoni jeraha. Huchoka, viganja vyake hupauka, choo chake huwa cheusi kama lami. Hupewa vidonge vya kuongeza damu, akapata nafuu, kisha damu ikapungua tena. Inatokea wapi?

Kwanza ilitakiwa njia ya kuona. Mwaka 1868, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alimtumia mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza panga. Akamtia kooni bomba lililonyooka, apate kutazama tumboni. Nani mwingine angekubali? Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, huko Marekani, alionyesha bomba linalopindika, lenye nyuzi za kioo za kupitisha mwanga. Tumbo likaonekana vizuri. Baadaye utumbo mpana nao ukaonekana, kwa kupitia njia ya haja kubwa. Katikati palibaki giza. Mara nyingine madaktari walimpasua mgonjwa, wakaupapasa utumbo wote kwa vidole, na bado uvimbe mdogo uliweza kuwaponyoka.

Gavriel Iddan hakuwa daktari. Alikuwa injinia wa Israeli, aliyeshughulika na macho ya makombora. Mwaka 2000 yeye na wenzake walitangaza kidonge chenye kamera, taa na betri. Mwaka 2001 Marekani iliruhusu kitumike. Mgonjwa hukimeza kwa maji. Utumbo wenyewe hukisukuma, nacho hupiga maelfu ya picha na kuzituma kwa mawimbi ya redio, naam, redio kama hii mnayoisikiliza, mpaka kwenye chombo alichofungwa kiunoni. Mwisho hutoka pamoja na choo.

Lakini kidonge hicho hakikati kipande cha uvimbe wala hakizuii damu. Tena, penye njia iliyozibwa na uvimbe chaweza kukwama. Mwaka 2001 huohuo, Hironori Yamamoto wa Japani alieleza bomba refu lenye maputo mawili. Puto moja hujazwa hewa likashika ukuta wa utumbo, bomba likasogea mbele, kisha puto la pili likashika. Hivyo utumbo hukusanywa nyuma kama mkono wa kanzu unavyokunjwa. Kwa bomba hilo daktari hukata kipande kidogo cha kupimwa, huunguza mshipa unaovuja, tena huweka alama ya wino karibu na uvimbe.

Mpasuaji akifungua tumbo huutafuta wino ule. Hukata sehemu yenye uvimbe peke yake, akaziunga ncha mbili za utumbo kwa uzi.

Haya, fungueni daftari zenu. Andikeni: utumbo, uvimbe, kidonge.